Tristan da Cunha kwa meli ya watalii: unalipia safari, hulipii kushuka

#1 BahariaWaKusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Yamekuwapo maswali mengi kuhusu meli za watalii zinazovuka Atlantiki ya Kusini, na hasa kuhusu kisiwa cha Tristan da Cunha, kilicho chini ya Uingereza, ambacho matangazo hukinadi kuwa ndicho kisiwa chenye watu kilicho mbali kuliko vyote duniani. Nimefanya kazi jikoni katika meli za aina hiyo na nimepita hapo. Nimewaona abiria waliorudi melini wakiwa na furaha tele, na nimewaona pia walioondoka bila kukanyaga hata jiwe moja, wakamwendea mkuu wa msafara kudai warudishiwe fedha. Hoja yangu kwa anayefikiria kutumia akiba yake huko ni hii: tiketi ya meli haimpi abiria haki ya kushuka kisiwani, na asiyelikubali jambo hilo kabla ya kulipa ni heri asiende.

Kisiwa kiko nyuzi 37 kusini mwa Ikweta, takriban kilomita 2,800 kutoka Cape Town na kilomita 2,400 hivi kutoka St Helena, ambayo ndiyo jirani yake wa karibu mwenye wakazi. Uwanja wa ndege hakuna. Kisiwa chote ni mlima mmoja wa volkano ulioinuka kutoka sakafu ya bahari, karibu mviringo, wenye eneo la kilomita za mraba 98 hivi, na kilele chake, Queen Mary's Peak, kina kimo cha mita 2,062. Sehemu kubwa ya pwani yake ni majabali yaliyosimama wima. Kaskazini-magharibi hasa ndiko kuna ukanda mwembamba wa ardhi iliyojinyoosha, na hapo ndipo kilipo kijiji pekee, Edinburgh of the Seven Seas, chenye wakazi wasiofika 250. Jina hilo refu limetokana na ziara ya Prince Alfred, Duke wa Edinburgh, ya mwaka 1867. Wenyeji wenyewe hukiita Settlement, basi.

Sasa nije kwenye kiini. Kisiwa hiki hakina ghuba. Meli hutia nanga nje, mbele ya kijiji, mahali ambapo mawimbi marefu yaliyozaliwa na dhoruba za mbali huweza kuingia hata siku ambayo hapana upepo na jua linawaka. Abiria wengi hawalielewi hili: wanatazama juu, wanaona anga safi, wanadhani nahodha ni mwoga. Kumbe anachokitazama nahodha ni ngazi iliyoteremshwa ubavuni, na jinsi boti ya mpira inavyopanda na kushuka chini yake kwa kimo cha mtu au zaidi, kisha anatazama mdomo wa bandari, ambao ni mwembamba kiasi kwamba wimbi likivunjika hapo hakuna chombo kinachopita.

Bandari hiyo nayo ina historia yake, na historia hiyo ni ya volkano. Mwezi Agosti 1961 matetemeko yalianza kusikika kijijini, yakazidi wiki hadi wiki, hadi tarehe 10 Oktoba ardhi ilipopasuka kando kabisa ya nyumba na kuanza kutoa lava. Watu wote walihamishwa: kwanza kwa vyombo vya uvuvi hadi kisiwa jirani cha Nightingale, kisha kwa meli ya Kiholanzi Tjisadane hadi Cape Town, na hatimaye kwa meli Stirling Castle hadi Uingereza. Nyumba karibu zote zilisalimika. Kilichozikwa na lava ni kiwanda cha kusindika kamba koche pamoja na ufuo ambao tangu zamani ndio uliokuwa mahali pa kuvutia mashua. Kwa maneno mengine, mlima uliwaachia nyumba zao ukawachukulia mlango. Waliporudi mwaka 1963 ilibidi wajengewe bandari ndogo yenye kuta mbili za kukinga mawimbi, iliyokamilika mwaka 1967 na kupewa jina la Calshot, mahali walipoishi Uingereza wakati wa uhamisho. Bandari hiyo ndogo ndiyo hadi leo inayoamua nani ashuke na nani asishuke.

Bahari ikikubali, saa unazopata ni chache, nusu siku au siku moja, na nahodha anaweza kuikatisha wakati wowote upepo ukigeuka. Katika saa hizo watu wengi hukimbilia posta, kwa sababu stempu za Tristan zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, na pasipoti hugongwa muhuri ambao wenzako kazini hawajapata kuuona. Mimi ningeshauri kinyume chake. Anza na kilima cheusi cha lava ya 1961, upande wa mashariki wa kijiji, ambako unaweza kusimama na kuona kwa macho yako jinsi moto ulivyosimama hatua chache kutoka kwenye paa za watu. Kisha, ukipata usafiri, nenda Potato Patches, mashamba ya viazi yaliyozungushiwa kuta za mawe, magharibi mwa kijiji, ambayo kila familia ina sehemu yake. Viazi huko viliwahi kuwa kama fedha: mwaka 1946 mchoro wa stempu iliyopendekezwa kwa ajili ya kisiwa ulionyesha bei ya peni 1 au viazi 4. Posta utaikuta tu, nayo haifungwi meli ikiwapo.

Naomba kuwasilisha. Wenye maswali karibuni.

#2 Mkaa_Ughaibuni

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Naomba kuuliza mawili. Kwanza, njia ya meli hizi huwa ni ipi, na je, tukikosa kushuka Tristan kuna kingine cha kuona? Pili, kwetu sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki, urasimu ukoje?

#3 BahariaWaKusi

Mkuu, njia iliyozoeleka huanzia Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, mwishoni mwa majira ya joto ya Antaktika, meli zinapohama kuelekea kaskazini. Hupitia kisiwa cha Georgia Kusini, kisha kisiwa cha Gough na Tristan, halafu ama huishia Cape Town ama hupanda hadi St Helena na Ascension. Georgia Kusini pekee inatosha kumlipa mtu gharama yake kwa pengwini na sili waliojaa ufukoni, kwa hiyo aliyekosa Tristan hajakosa safari. Aliyelipa kwa ajili ya Tristan pekee ndiye anayelia.

Gough ni ya kutazamwa kutoka majini, kwani watalii hawaruhusiwi kushuka. Nightingale na Inaccessible ziko karibu na Tristan, na huko hushuki bila kuongozwa na wenyeji, ambao meli huwachukua kijijini kwanza. Hapo ndipo mipango huvurugika mara mbili: bahari ikikataa kijijini hampati waongozaji, na msipopata waongozaji hata Nightingale kukiwa shwari mtaitazama kwa darubini. Huko Inaccessible anaishi ndege mdogo asiyeruka, mdogo kuliko ndege wote duniani wasioweza kuruka, na hapatikani mahali pengine popote. Msijipe matumaini makubwa ya kumwona, maana hujificha katika majani marefu kama panya.

Kuhusu pasipoti, kibali cha meli kutembelea kisiwa huombwa na kampuni kwa Baraza la Kisiwa mapema, hilo si mzigo wa abiria. Mzigo wenu ni viza ya Argentina, ambayo Mtanzania na Mkenya wanaihitaji na inapaswa kushughulikiwa miezi kadhaa kabla. Afrika Kusini mnaingia bila viza kwa matembezi mafupi, na ndiyo maana binafsi naona anayetoka kwetu angekuwa na njia rahisi zaidi kwa kuanzia Cape Town. Nitalirudia hilo chini.

#4 MwanaAmu

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika vizuri lakini umelipita jambo moja ambalo sisi wa mwambao hatuwezi kulinyamazia, nalo ni jina lenyewe. Tristão da Cunha alikuwa kamanda Mreno aliyeondoka Lisbon mwaka 1506 na msafara mkubwa wa meli, akiwa pamoja na Afonso de Albuquerque. Alikiona kisiwa hicho njiani, bahari ikamzuia kushuka, akakipa jina lake na kuendelea na safari. Na alikokuwa akiendelea ni huku kwetu. Msafara huo ndio uliouteka na kuupora mji wa Hoja, kisha ukaja Lamu, ambayo ilikubali kulipa kodi ili isipatwe na yaliyoipata Hoja, kisha mwaka 1507 ukauvamia mji wa Barawa, ukaupora na kuuchoma moto, kabla ya kwenda kuiteka Socotra.

Kwa hiyo msafiri wa Kiswahili anayepanda meli kwenda huko ajue kwamba jina lililogongwa kwenye pasipoti yake lina habari zake hapa pwani. Sisemi asiende. Nasema tu kwamba kisiwa kilichopewa jina la mtu huyo yeye mwenyewe hakuweza kukigusa.

#5 BahariaWaKusi

Shukrani, Mwana wa Amu. Hilo sikuliandika kwa sababu niliona ni refu, lakini umenifunza kulipa nafasi yake. Niongeze tu kwamba wakazi wa leo hawana nasaba na huyo kamanda. Wa kwanza kujaribu kuishi huko kwa kudumu alikuwa Mmarekani Jonathan Lambert, aliyefika karibu na mwaka 1811 na kujitangazia umiliki wa visiwa. Mwaka uliofuata akazama akiwa ametoka na mashua. Mwaka 1816 Waingereza waliweka kikosi cha askari, wakihofia kisiwa kisitumiwe kumtorosha Napoleon aliyefungwa St Helena. Kikosi kilipoondolewa mwaka uliofuata, koplo Mskoti William Glass aliomba kubaki pamoja na mkewe na watoto wao, na kijiji kikaanzia hapo. Mwaka 1827 wanawake watano waliletwa kutoka St Helena kuolewa na wanaume waliokuwapo. Baadaye baadhi ya meli zilizovunjika ziliongeza koo: Lavarello na Repetto ni majina ya mabaharia wawili Waitalia walioachwa na ajali ya mwaka 1892. Ndiyo maana hata leo majina ya koo kijijini ni ya kuhesabika kwa vidole.

#6 Mwalimu_Jiografia

Naomba nitie neno lenye ukakasi kidogo. Watu wasiofika 250 wanaishi maisha yao, kisha siku moja inatokea meli yenye abiria mia moja, mia mbili, kila mmoja na kamera, wanapita vichochoroni wakipiga picha nguo zilizoanikwa. Je, tunawatendea haki? Wanafaidika na nini hasa, ikiwa abiria analala melini, anakula melini na kuondoka na kadi ya posta moja?

#7 BahariaWaKusi

Mwalimu, swali ni la haki, na jibu lake halifurahishi upande wowote.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kisiwa kinaishi kwa utalii. Kinaishi kwa kamba koche, wanaovuliwa kwa kiwango kilichowekwa, wakasindikwa kiwandani na kuuzwa nje. Stempu na sarafu huongeza. Fedha za meli za watalii, yaani ada ya kushuka, malipo ya waongozaji, na soksi na sweta za sufu zinazofumwa kijijini, ni nyongeza tu. Soksi hizo, nieleze kwa waungwana wasiozijua, zina mistari ambayo kwa desturi idadi yake ilionyesha kiwango cha mapenzi ya msichana kwa kijana aliyemfumia. Watalii huzigombea.

Pili, uhusiano wa watu hawa na meli zinazopita ni wa kale kuliko utalii, na wameulipia kwa damu. Kwa miongo mingi walitoka kwa mashua kwenda kuzilaki meli nangani, wakibadilishana viazi, mayai na nyama kwa unga, nguo na misumari. Novemba 1885 wanaume 15 walitoka na boti kwenda kuiwahi meli West Riding, na hakuna aliyerudi. Kijiji kilibaki na wajane na watoto, wanaume wazima wakiwa wachache mno. Kwa hiyo mtalii anayelalamika kwamba wenyeji wamekataa kuleta boti yao kwa sababu ya mawimbi anatakiwa aijue habari hiyo kwanza.

Tatu, meli si neema tupu. Tarehe 16 Machi 2011 meli ya mizigo Oliva, iliyobeba soya kutoka Brazil kwenda Singapore, ilipanda miamba ya Nightingale. Mabaharia wote 22 waliokolewa, na inafaa kutaja kwamba meli ya watalii Prince Albert II, iliyokuwa eneo hilo, ilisaidia kazi hiyo kwa boti zake za mpira. Lakini mafuta yalimwagika, na pengwini zaidi ya 3,000 walichukuliwa hadi kijijini kuoshwa, wengi wao wakafa. Bwawa la kuogelea la kijiji liligeuzwa kituo chao. Hofu kubwa zaidi ilikuwa panya: Nightingale haina panya, ndege wake wanaotaga ardhini hawana kinga dhidi yao, na panya wachache tu kutoka meli iliyovunjika wangeweza kuwamaliza. Huko Gough hata vipanya vidogo vilivyoingizwa na mabaharia wa zamani vimejifunza kula makinda ya albatrosi wakiwa hai. Mpango wa kuvitokomeza kwa sumu ulitekelezwa mwaka 2021 na haukufaulu.

Hivyo usiwashangae wanapokagua viatu vyako kwa makini kuliko wanavyokagua pasipoti. Kabla ya kushuka, abiria wote hupita mbele ya wafanyakazi wa meli wakisafisha nyayo, wakifyonza vumbi mifukoni, wakichomoa mbegu moja moja kwenye vifungo vya kunatana vya makoti. Ni kazi ya kuchosha na huwa na mizaha, lakini meli isiyoifanya sawasawa inaweza kunyimwa kibali.

#8 Mwalimu_Jiografia

Nimekuelewa, na nashukuru kwa habari ya 1885. Bado nina shaka kuhusu kamera vichochoroni, lakini naona uamuzi uko mikononi mwao wenyewe kupitia Baraza lao, si mikononi mwa kampuni za meli. Hilo linanituliza kidogo. Swali la mwisho: mlima huo umelala au bado uko hai? Na kwa nini walirudi, hali walikwisha kupata makazi Uingereza?

#9 BahariaWaKusi

Uko hai, Mwalimu. Mlipuko wa 1961 haukutoka kileleni bali ubavuni, chini kabisa, na hiyo ndiyo tabia ya kutia hofu, kwa sababu upenyo mpya unaweza kufunguka mahali popote penye mteremko. Njia ya kwenda kileleni ipo, lakini abiria wa meli asiiwazie: ni ya siku nzima, haipandwi bila mwongozaji, na wingu hukishika kilele muda mwingi.

Kuhusu kurudi, Desemba 1962 walipiga kura: 148 walitaka kurudi, 5 walitaka kubaki. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa nyumba, kazi za viwandani na shule. Wazee wao waliugua mafua ambayo miili yao haikuyazoea, vijana waliona magari na televisheni, na bado matokeo yakawa hayo. Watu wa mjini hushangaa. Mtu aliyekulia kwenye ardhi ya ukoo hashangai. Huko ardhi ni ya jumuiya nzima, mgeni hauziwi, na hata idadi ya ng'ombe wa kila familia ina kikomo ili asiwepo mmoja atakayewazidi wenzake na kumaliza malisho.

#10 Mkaa_Ughaibuni

Mkuu, ulisema utarudia habari ya kuanzia Cape Town. Tafadhali.

#11 BahariaWaKusi

Nilikuwa naliendea. Ukitaka kisiwa chenyewe, na si kukipita tu, usipande meli ya watalii. Kutoka Cape Town huondoka vyombo vichache kwa mwaka vinavyopeleka shehena na kurudisha kamba koche, pamoja na meli ya utafiti ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II, ambayo huenda Gough kubadilisha watumishi wa kituo cha hali ya hewa na hupitia Tristan. Safari ni ya wiki moja hivi, bahari ikiwa na adabu. Hapo kibali unakiomba mwenyewe kwa Baraza la Kisiwa, unatakiwa kuwa na tiketi ya kurudi na bima ya matibabu inayogharimia kusafirishwa hadi Cape Town, na unapangiwa nyumba ya mwenyeji, ambako utalala, kula na kulipa. Fedha yako, Mwalimu akiwa bado yuko hapa, inaingia moja kwa moja mfukoni mwa kaya.

Ubaya wake ni huu. Nafasi ni chache, na hugawiwa kwa ngazi: wagonjwa na wenyeji kwanza, watumishi wa serikali na wataalamu baadaye, watalii mwisho kabisa. Unaweza kuwa umekwisha kulipa ukaambiwa kitanda chako kimechukuliwa na mama mjamzito anayekwenda kujifungulia Cape Town, na huna la kusema. Chombo kikichelewa kurudi, utakaa wiki kadhaa zaidi ya ulivyopanga, kwa hiyo mwenye likizo ya kuhesabiwa siku asijaribu. Pauni za Uingereza zibebeni taslimu za kutosha, dawa zenu za kila siku chukueni za ziada, na ombi la kibali liandikeni mapema kabla hata ya kuulizia bei ya kitanda, kwa sababu Baraza likikataa, hayo mengine yote hayana kazi.

#12 Mkaa_Ughaibuni

Nimeelewa, mkuu. Nitaanza na barua ya Baraza. Nikijibiwa nitaleta mrejesho hapa hapa.